Kiti Ulichomwahidi Mama

Mdogo wangu Twaha,

Nimeyasoma uliyoandika mtandaoni kuhusu Mama. Niliyasoma nikiwa jikoni, simu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, kwa sababu binamu zetu wawili walinitumia kwa wakati mmoja wakisema, "Dada Zubeda, soma uone Twaha alivyotufanya tulie." Nilisoma mpaka wali ukashika chini.

Umeandika vizuri. Wewe tangu utotoni ulijua kupanga maneno. Umesema kila mwaka yakianza mashindano ya tenisi ya London, yale ya kwenye majani, unamwona Mama amekaa kwenye kiti cha Baba hapa kwetu mlimani Mbuya, Kampala, tasbihi mkononi, akiwaombea wachezaji. Hilo ni kweli. Halafu ukaandika kwamba Jumapili ya fainali yake ya mwisho ulikuwa naye kwenye simu tangu mpira wa kwanza mpaka wa mwisho, wewe kule London na yeye huku, na kwamba mchezaji wake alipopoteza pointi ya mwisho alikuambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hata kushindwa kuna heshima yake."

Watu wamelia chini ya maneno hayo. Wamekuombea dua. Mama mmoja ambaye hata simfahamu ameandika kwamba anamwomba Mungu ampe mtoto kama wewe.

Twaha, mimi nilikuwa ndani ya chumba kile. Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana nakuandikia hapa hapa, mbele ya watu wale wale.

Nianze na yale ambayo hatuna ugomvi juu yake, maana ni yangu pia.

Baba alipofariki ulikuwa bado unavaa kaptura ya shule. Tenisi ilikuwa ugonjwa wake yeye, si wa Mama. Mama alikuwa akipita mbele ya televisheni makusudi, akisema, "Watu wazima wanarushiana kimpira, na wewe umekodoa macho kama unalipwa." Kisha eda ikaisha, mwezi wa saba ukafika, akatoka chumbani siku moja mchana, akaketi kwenye kiti cha Baba ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu kukikalia, akasema, "Washeni."

Tulitazamana mimi na wewe.

"Washeni ule mchezo wa baba yenu. Nyumba imekuwa kimya mno."

Ulikaa chini miguuni pake ukaanza kumfundisha. Sifuri, kumi na tano, thelathini, arobaini. Akakusimamisha hapo hapo.

"Kwa nini si arobaini na tano?"

"Sijui, Mama."

"Na wao hawajui?"

"Nadhani hawajui."

"Basi wangekuwa wanafunzi wangu, wangeanza upya."

Unakumbuka tulivyocheka? Mwanamke aliyefundisha Kurani barazani kwa miaka yote ile, watoto wa nusu ya mlima wakipita mikononi mwake, wengi wao watoto wa askari wa kambini, leo anawakosoa wazungu hesabu. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anajua mchezo kuliko sisi. Wiki zile mbili za mashindano alifunga chuo mapema kila siku. Aliwaambia wazazi ana udhuru. Wazazi walikuwa wanaujua udhuru wenyewe, wengine wakimuuliza njiani, "Mwalimu, udhuru umefika nusu fainali?"

Majina ya wachezaji yalimshinda, kwa hiyo akawapa ya kwake. Yule aliyekuwa akivunja raketi alimwita Mvunja Vyombo, na alimchukia kana kwamba vyombo vyenyewe ni vya kabatini kwake. Kijana aliyempenda, yule mwembamba ambaye hakupiga kelele hata akionewa na refa, alimwita Mtoto wa Watu. Mtoto wa Watu akizidiwa Mama hakuweza kutazama. Alitoka barazani akajifanya anafagia, kisha akauliza kupitia dirishani, "Amefikia wapi?"

"Anaongoza, Mama," wewe ulijibu.

"Mwongo wewe. Nasikia makofi ya kumpa mtu pole."

Umeme ukikatika tulivuka uchochoro kwenda kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongo mwuza vitenge, ambaye alikuwa na jenereta na moyo mkubwa. Jumapili ya fainali alirudi haraka kutoka kanisani, akavua viatu, akaita juu ya ukuta, "Mama Twaha! Kuya kwangu na batoto, umeme iko!" Mama Twaha. Mtaa mzima ulimwita hivyo, ingawa mtoto wake wa kwanza ni mimi. Sikuwahi kulalamika. Nilidhani ndivyo mambo yalivyo.

Ulipoondoka kwenda London tulikusindikiza uwanja wa ndege wa Entebbe. Mama alikushika mkono wa shati mpaka mlango wa mwisho ambao wasiosafiri hawaruhusiwi kupita. Nawe ukamwambia, mimi nimesimama hapo na begi lako dogo begani, "Mama, nikishajipanga tu nakuja kukuchukua. Utakaa pale pale, kwenye kiti, umwone Mtoto wa Watu kwa macho yako."

"Na hijabu yangu hii? Si watanishangaa?"

"Watakupenda. Wao si wanataka kila mchezaji avae nyeupe, kama hijabu yako?"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kutoka siku hiyo hakuna mtu aliyeingia nyumbani asielezwe habari ya kiti. Alikwenda kutafuta pasipoti. Nilimpeleka mwenyewe, nikamshikia foleni, nikamsubiri apigwe picha, na alipoambiwa asitabasamu alikasirika, "Sasa London wataniona nimenuna." Pasipoti ile ninayo. Haina muhuri hata mmoja.

Siwezi kusema hukujitahidi. Miaka ya mwanzo ulipiga. Tuliweka simu juu ya stuli karibu na televisheni, wewe ukiangalia huko nasi huku, lakini picha yako ilitangulia yetu kidogo, kwa hiyo ulikuwa unapiga mayowe kabla hatujaona kitu. "Nyamaza wewe!" Mama alikufokea. "Huku bado hajapiga!" Ile ilikuwa furaha, Twaha. Nataka ujue kwamba nakumbuka hata furaha.

Baadaye ukapiga fainali tu. Baadaye ukatuma ujumbe. Ulioa, tukaona picha, Mama akaomba Mungu awape heri na akasema, "Atamleta." Hukumleta. Kila mtu aliyeuliza habari zako alijibiwa jibu lile lile, "Anafanya kazi." Alilisema kwa fahari, na mimi nililisikia likibadilika kidogo kidogo mpaka likawa jibu la kumfunga mtu mdomo.

Kisha figo zikaharibika. Hilo hukuliandika, labda kwa sababu halikugusi. Ni mimi niliyempeleka hospitali ya Mulago kusafishwa damu na kumrudisha, yeye amelaza kichwa begani kwangu ndani ya gari, mwepesi kama kanga iliyofuliwa. Niliacha kazi yangu. Jioni niliwafundisha wanafunzi wake, yeye akisikiliza kutoka kitandani na kunisahihisha kwa kugonga ukuta. Sikuyafanya hayo ili nije niyaseme. Nayasema kwa sababu wewe umesema ya kwako.

Siku moja daktari, binti mdogo mwenye macho ya usingizi, alinitoa nje akaniita kwa adabu ya Kiganda, "Nnyabo, kama ana mtoto aliye mbali, mwite sasa."

Nilikupigia pale pale ngazini, watu wakinipita na machela.

"Twaha, njoo."

"Dada, nisikilize. Hawanipi ruhusa. Majira haya ndiyo kazi imepamba moto. Nikiondoka nimeachishwa."

"Hata siku chache?"

"Hata moja. Tena wiki hizi mbili simu nitaishika kwa shida. Mwambie Mama namwombea. Mwambie namkumbuka sana."

Nilimwambia. Nililisema vizuri kuliko ulivyolisema wewe, nikaongeza na sauti yako kukatika, nikaongeza na kilio. Mama akafumba macho. "Mwacheni mtoto afanye kazi," akasema.

Mashindano yakaanza. Tulimtandikia godoro sebuleni ili aone. Mtoto wa Watu naye alikuwa amezeeka, goti limefungwa bandeji, watangazaji wakimuaga kila mchezo kana kwamba ni wa mwisho wake. Lakini akashinda wa kwanza. Akashinda wa pili. Kila alivyosonga mbele Mama alipata nguvu, akanywa uji, akaomba kuketi. Mama Furaha alikuwa akija kila siku kumkanda miguu, akaniambia, "Ule bwana iko dawa yake. Asishindwe tu."

Kila alasiri Mama aliuliza, "Twaha amepiga?"

"Yuko kazini, Mama."

"Leo Mtoto wa Watu anacheza. Ataiba dakika."

Hukuiba. Lakini Mtoto wa Watu akafika fainali.

Jumapili ile tulikuwa watatu, Mama, Mama Furaha na mimi. Sikiliza vizuri, maana hii ndiyo siku uliyowasimulia watu.

Seti ya kwanza alishinda, Mama akainua kidole kumshukuru Mungu. Ya pili akashindwa. Ya tatu ilikuwa inaanza, wachezaji wamekaa vitini wanakunywa maji, na unajua jinsi kamera inavyopenda kuzungukia watazamaji wakati ule, kofia, miwani, watoto waliosinzia. Ikasimama kwa mwanamke mmoja wa kizungu, mtu mzima, nywele nyeupe. Jua lilikuwa linampiga usoni. Kijana aliyekaa kando yake akavua kofia yake mwenyewe, akamvika taratibu, akaiweka sawa upande mmoja na upande wa pili, kisha akamtandaza shali mabegani. Watangazaji wakacheka kwa upole. Kamera ikabaki pale. Kijana akajiona kwenye televisheni kubwa ya uwanjani, akacheka, akapunga mkono.

Mama Furaha ndiye aliyepiga kelele. "Mama Twaha! Angalia! Ile si mutoto yako?"

Nilitaka nisimame mbele ya televisheni. Lakini Mama alikuwa ameshaona.

Ulikuwa wewe. Hatuhitaji kubishana, alama yako ya jipu shavuni naijua, niliipaka dawa mimi. Kisha kamera ikaondoka, mchezo ukaendelea, mpira ukapigwa huku na huku.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Amenenepa. Alhamdulillahi, anakula."

"Yule mama ni nani?"

"Pengine ni mukubwa yake wa kazi," Mama Furaha akasema, naye alikuwa ameanza kulia. "Pengine alimutuma amusindikize. Ni kazi, Mama Twaha. Iko kazini."

"Amemfunika vizuri," Mama akasema. "Nilimlea na adabu."

Akatazama pointi mbili, tatu. Mtoto wa Watu alikuwa anaongoza. Akageuza uso upande wa ukuta.

"Zima, Zubeda."

"Mama, bado. Anaongoza."

"Zima. Nimechoka."

Mwanamke yule, aliyewahi kukaa na homa ya malaria mpaka mpira wa mwisho, aliyewahi kukataa kwenda harusini kwa ajili ya robo fainali. Nilizima. Tulisikia kwa jirani wa chini wakishangilia, hatukujua wanamshangilia nani. Nilikwenda uani nikakupigia. Simu yako iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

Niliporudi Mama Furaha alikuwa ameondoka na Mama alikuwa ananingoja. Alinishika kifundo cha mkono. Hujui alikuwa na nguvu kiasi gani siku ile.

"Usimwambie tumemwona."

"Mama!"

"Ataona haya. Mimi sitaki mwanangu aone haya kwa ajili yangu. Niahidi."

Nilimwahidi.

Ujumbe wako ulifika jua linazama. Bado ninao, lakini sihitaji kuutazama. "Dada samahani, ndiyo natoka kazini. Sijaona hata mpira mmoja leo. Mama aliangalia? Nani kashinda?"

Nani kashinda. Uliniuliza mimi.

Nilikujibu, "Mama amelala."

Alikuwa hajalala. Alikuwa anatazama ukuta. Jumatatu aliomba maji. Jumanne aliomba nimfungulie dirisha. Jumatano alitaka kusikia watoto wakisoma, nikawaleta barazani wakasoma, hakugonga ukuta hata walipokosea. Nilingoja aniulize kama umepiga. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelipamba. Hakuuliza tena. Alhamisi, watoto wa shule wakiwa wanapita njiani na mifuko yao, akaondoka. Na hakuna aliyemwambia nani alishinda, na hakutaka kujua.

Kwa hiyo lile neno la heshima ya kushindwa, Twaha, ulilitoa wapi? Mama hakuwa mtu wa kusema maneno kama yale. Mama alikuwa mtu wa kusema "zima, nimechoka."

Ulikuja arobaini. Ulilia kaburini kuliko wote, wazee wakakushika mabega, ukawaambia kazi ilikufunga minyororo. Nilikuwa nawapitishia chai. Mama Furaha alikuwa amekaa mlangoni na alinitazama, nami nikamtikisia kichwa, asiseme. Ulikaa siku tatu, ukala, ukalala chumbani kwako, ukapiga picha za kiti cha Baba. Nilikutandikia kitanda mwenyewe.

Yule mama wa kizungu nimekuja kumjua baadaye, kwenye picha za mkeo. Ni mamake. Ulimpeleka fainali kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Sina neno naye. Yeye hakumnyang'anya mtu kiti, alipewa na mkwewe mwema, akashukuru. Hata sikuulizi kwa nini hukumpeleka Mama, maana wakati ule hata ndege isingemchukua. Nilitaka tu uwe umesema, "Dada, nimeshindwa kuja, naogopa kumwona vile." Hilo ningelielewa. Mimi mwenyewe niliogopa, ila mimi sikuwa na mahali pa kukimbilia.

Na kama ungekaa kimya, nami ningekaa kimya mpaka nife. Miaka miwili niliitunza ahadi ile. Nilijibu salamu zako za sikukuu. Niliwaambia wanaouliza kwamba hujambo na unafanya kazi, nikalisema kama alivyolisema yeye. Lakini wewe umerudi ukaichukua Jumapili yake, saa zake mwenyewe, ukajiweka ndani yake mahali ambapo hukuwapo, kisha ukamtia maneno kinywani mtu ambaye hawezi tena kukukatalia. Mimi ninaweza. Nimeivunja ahadi ya Mama leo, na sijui nitamjibu nini, lakini nimechoka kuwa mtu pekee anayejua, mimi na Mama Furaha, ambaye kila mwaka mashindano yakianza hufunga dirisha lake.

Mwaka huu yameanza tena. Mtoto wa Watu amestaafu, naona sasa anakaa kwenye viti vya watazamaji amevaa suti. Nimejaribu kuwasha mara moja moja. Wachezaji ni watoto wapya nisiowajua, na sijawapa majina. Lakini kila wanapokaa kunywa maji na kamera kuanza kuzunguka, najikuta nimeshika rimoti, nazima. Umenitoa hata hapo, Twaha. Mchezo ule ulikuwa wa Baba, ukawa wa Mama, ulipaswa kuwa wangu.

Sina zaidi. Siku ukija Kampala, nyumba ni ya mama yako, utafunguliwa mlango na utapewa chakula, na hakuna atakayekuuliza kitu. Ninachokuomba ni kidogo. Yafute yale maneno uliyosema alikuambia. Mengine baki nayo.

Na tafadhali usiniombe radhi hapa mbele za watu. Najua utaandika vizuri. Watalia tena.

Ni mimi dada yako,
Zubeda